Kofia ya Baba Neema

Jumanne, 4 Juni 1996

Treni imechelewa saa tatu. Kuku wangu wa kuchoma wamepoa kwenye beseni, nimewarudisha mkaani mara mbili, wamekauka kama soli ya kiatu. Abiria mmoja dirishani akaniuliza, mama, hiki ni kuku au kuni? Nikamwambia nunua au acha, meno ni yako. Akanunua.

Baba Neema yuko Dar, leo siku ya tisa. Nimemtuma kitu kimoja tu, mashine ya kukamua alizeti. Miaka ishirini na mbili kashika bendera hapa stesheni Itigi na kubadilisha njia za treni, wamempunguza kwa karatasi moja. Basi kiinua mgongo chake angalau kizae mafuta. Hapa Itigi hakuna mwenye mashine hiyo. Alizeti zinasafirishwa kwa magunia, mafuta tunayanunua kwa chupa. Ujinga mtupu.

Sina wasiwasi. Mume wangu Daudi si mlevi, si mtu wa wanawake.

Ijumaa, 7 Juni

Karudi. Kashusha maboksi matatu na jenereta. Nikapiga vigelegele palepale stesheni mbele za watu. Bora ningenyamaza.

Si mashine ya alizeti. Ni ndoo. Ndoo nyeusi ya kuvaa kichwani, ina vioo viwili vidogo mbele ya macho na spika mbili za masikioni, imefungwa kwa waya mnene kwenye kompyuta kubwa kama kabati la vyombo. Yeye anaiita kofia. Kauziwa na mtu anaitwa Feisali, mwenye duka la vitu vya umeme, aliyeitoa Dubai kwenye nyumba ya michezo iliyofungwa. Eti ukiivaa unaingia dunia nyingine.

Nikamuuliza, na alizeti? Kanijibu taratibu, anatabasamu: "Mama Neema, alizeti kila mtu atakamua. Hii hakuna aliye nayo nchi nzima."

Na kweli hakuna. Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Juni

Kaifunga mitambo sebuleni. Kanivalisha kwa nguvu ya kubembeleza. Nzito, inanuka jasho la watu nisiowajua. Mbele ya macho ukatokea mji. Nyumba za kijivu kama maboksi ya sabuni, barabara nyeupe, mti mmoja wa kijani kama umekatwa kwa rula. Ukigeuza shingo, mji nao unageuka. Ukibonyeza kishikio unatembea huku miguu imesimama. Kila baada ya muda boksi refu lenye madirisha linapita mwisho wa barabara, linavuma masikioni. Treni hiyo, kasema Baba Neema, anacheka peke yake. Kichefuchefu kikanipanda. Nikaivua, nikatoka nje kutema mate.

Kitu kimoja sikumwambia. Mle hakuna vumbi wala huu upepo wetu. Nilitaka kukaa kidogo zaidi. Hilo limeniudhi kuliko kichefuchefu.

Chakula chote cha mchana alikuwa anahubiri. Miaka kumi ijayo mtoto wa Itigi atasoma darasa la Ulaya bila kutoka kwao. Daktari atampasua mgonjwa wa Manyoni yeye akiwa Dar. Mtu atatembelea ndugu zake wote amekaa kitini. Hakuna atakayepanda treni tena, stesheni zitaota majani. Hili la stesheni alilisema kwa utamu. Nimemwelewa. Reli ilimtupa, naye anataka kuiona imetupwa.

Nikamwambia ale, mboga inapoa.

Jumanne, 11 Juni

Mnada wa kwanza na ndoo yetu. Tumepanga banda la mabati ubavuni mwa uwanja wa mnada. Kaning'iniza vitenge vyangu viwili viwe pazia, bila kuniuliza. Eti mteja avae akiwa nyuma ya pazia, kwa heshima yake.

Mteja wa kwanza mfugaji mmoja, mtu wa makamo, shuka jipya begani. Kavaa, kageuka mara mbili, katapika kwenye makubadhi yake. Wa pili kataka kwanza kujua: nilipe ili nipofuke? Wa tatu, mwenye duka la chumvi, kavaa akakumbatia nguzo ya banda hataki kuiachia. Anapiga kelele anaanguka, na amesimama sakafuni!

Nje watu wamejaa kwenye matundu ya mabati wanachungulia, wanakufa kwa kicheko. Wa kuingia hakuna. Wa kuchungulia, mnada mzima.

Jumanne, 18 Juni

Wateja wawili. Wote wametapika. Nimezoa mimi.

Bi Zuhura wa chai, jirani wa banda, kaja kulalamikia harufu. Kisha kwa sauti ya kunipa pole akaniambia kaka yake ameleta mashine ya kukamua alizeti, wanaifunga wiki hii. Nikamwambia hongera. Nilitaka kummwagia ile chai yake kichwani.

Alhamisi, 20 Juni

Baba Neema sasa anaivaa yeye mwenyewe. Nyumbani, kila petroli ikiwepo. Eti anajifunza mji vizuri ili awaelekeze wateja. Wateja gani?

Leo nimemwita mara tatu, hasikii. Jenereta linanguruma, masikio yameziba, macho yako huko kwenye maboksi. Nikasimama mbele yake, hatua moja. Nikamng'ong'a. Nikamtolea ulimi. Nikamwambia yote niliyoyameza tangu alipopewa ile karatasi: kwamba ni mjinga, kwamba wenzake waliopunguzwa naye wana maduka, kwamba Mama ndiye aliyenichagulia mtu wa reli mwenye mshahara wa kila mwezi na mimi nilimtaka mwingine. Alikuwa anatabasamu. Si kwangu.

Nilipomaliza nilijisikia mwepesi. Nikampikia viazi.

Jumanne, 25 Juni

Leo nimefanya jambo.

Hakuna mteja. Baba Neema kakaa nyuma ya pazia, kavaa ndoo yake. Watu kwenye matundu. Mchuuzi mmoja wa vitunguu, mtu mzima mwenye meno ya dhahabu, akanisogelea: "Mama, kwa nini tusumbuke na matundu? Fungua pazia, tutalipa."

Nikafungua.

Alikuwa amesimama katikati ya banda, kifua mbele. Nadhani lile boksi refu lilikuwa linapita huko kwake, kwa sababu alinyanyua mkono wa kulia, akaunyoosha, akaushikilia pale. Watu wote wa Itigi wanaujua mkono ule. Miaka ishirini na mbili wameuona ukiruhusu treni. Watu walilipuka. Mwanamke mmoja alikaa chini akishika tumbo. Nikapitisha beseni, kila mtu akatoa kiingilio.

Mchezo wa kwenye ndoo una mwisho. Muziki ukilia masikioni mwake anainamisha kichwa kabla ya kuvua. Nikaona kichwa kinainama, nikafunga pazia, nikawafukuza kwa mikono. Katoka amelowa jasho. Kulikuwa na watu? Wawili, nikasema, wakaogopa. Kaamini. Kasema wataizoea, hata redio ilipokuja watu waliikimbia.

Nilikwenda nyuma ya banda nikacheka. Nikacheka mpaka machozi. Sijacheka hivyo mwaka mzima.

Jumanne, 2 Julai

Nimeshamweleza kwamba mashine inataka kupashwa moto kabla ya wateja, basi yeye aivae kwanza kwa muda mrefu. Kasema nina akili ya ufundi.

Asubuhi kaniomba nimpigie pasi shati lake la reli, lile la kaki. Mtu akiwa kazini aonekane nadhifu. Nikalipiga pasi. Mikunjo ya mikono imenyooka, hata jeshini wangenisifu. Akasimama mbele ya kioo akafunga vifungo mpaka shingoni.

Nilipofungua pazia watu walipiga mayowe. Shati la reli na ndoo juu yake! Mwenye vitunguu akaingiza mbuzi bandani, akamweka njiani. Baba Neema kamkwaa, karudi nyuma, kasema kwa adabu zote: "Samahani, bwana." Kwa mbuzi. Mungu wangu. Hata Bi Zuhura aliacha birika lake likachemka mpaka likakauka.

Kaniuliza baadaye aligonga nini. Nikamwambia stuli.

Ijumaa, 5 Julai

Mzee Paskali kaja nyumbani wakati Baba Neema ametoka kutafuta petroli. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wake pale stesheni, naye wamempunguza. Kakataa kukaa, kakataa chai.

"Mama Neema, yule ni mumeo."

Nikamjibu kama anamwonea huruma sana amnunulie mashine ya alizeti. Kaniangalia, kavaa kofia yake, kaondoka bila kuaga. Shauri yake.

Nilikaa nikingoja amwambie. Hakumwambia. Hakuna aliyemwambia. Hapa mji mzima, mtu akipasua chungu saa mbili, saa tatu hata stesheni wanajua. Hili wamelitunza. Wote wanalifaidi.

Jumanne, 9 Julai

Watu wametoka hata vijiji vya porini. Wamemfunga kitambaa cha kijani, kama bendera ya kuruhusu treni, kwenye mkono wa kulia, polepole, wakati akiwa amesimama anangoja treni yake. Hakuhisi. Akaunyanyua mkono na kitambaa juu yake. Sitasahau zile kelele.

Nilikifungua mwenyewe kabla hajavua.

Jumatano, 10 Julai

Barua ya Feisali, imeletwa na mtu wa treni. Kiwanda kilichotengeneza hizo ndoo kimefungwa. Hakuna miji mipya itakayoletwa, hakuna vipuri. Anaandika kwamba huko ughaibuni watu waliumwa vichwa, wakachoka, wakarudi kwenye televisheni zao. Wapo wanaosema zitarudi zikiwa ndogo na za bei rahisi, kila nyumba iwe nayo. Wapo wanaosema ule ulikuwa mchezo wa kupita na umepita. Yeye hajui. Anasema hakuna ajuaye.

Baba Neema kaisoma mara mbili. Kaikunja. "Wamekata tamaa mapema," kasema. Kisha kaivaa. Alipoivua akasema kioo cha kushoto kimepata mstari mweusi, nusu ya mji haionekani vizuri. Akauliza kama nafikiri fundi redio anaweza.

Nikamwonea huruma. Kweli kabisa, nilimwonea huruma. Nikakaa naye, tukaangalia nje kuku wakipekua. Halafu kutoka upande wa kwa kaka yake Bi Zuhura nikasikia mashine ya alizeti ikiwashwa, na huruma ikaisha.

Ningeweza kuacha hapa. Naandika ili baadaye nisijidanganye. Ningeweza.

Jumanne, 16 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze na Mama.

Mama kaja kutoka Ikungi bila taarifa. Habari zimemfikia huko kwamba mkwe wake anacheza ngoma akiwa kipofu mnadani. Alishuka kwenye lori, akauliza njia, akaja moja kwa moja bandani. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Nikamwona nyuma yao, mfupi, khanga imefunika kichwa mpaka nyusi, fimbo mkononi.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Daudi hajawahi kumwona Mama usoni. Wakikutana njiani Daudi anatoka njia, anasimama kwenye majani, anageuza uso na kuinama, anamwamkia hivyo hivyo. Hali chakula akiwepo Mama. Akiwa na neno, analisema nyuma ya ukuta. Hajawahi kukosea hata siku moja. Mama kila mara anajisifu Ikungi kwamba hakuna mwenye mkwe kama yule. Kumgusa, hilo hata halisemwi.

Nilimwona Mama, na pazia lilikuwa mkononi mwangu. Ningelivuta tu. Sikulivuta. Nilitaka aone. Nilitaka aone mtu wa reli aliyenichagulia. Nilisema moyoni, haya, tazama, mshahara wa kila mwezi ule pale.

Watu hawamjui Mama. Waliona bibi kizee, wakampisha mbele apate kuona vizuri. Wengine wakamsukuma kwa utani. Akajikuta mstari wa kwanza, mabati ubavuni, watu nyuma. Akajaribu kurudi, hapakuwa na pa kurudi. Akafunika uso kwa khanga.

Baba Neema alikuwa anatembea na kile kioo chake kibovu. Kanyoosha mikono, anapapasa. Hatua moja, mbili. Watu wakanyamaza kwa hamu, wanangoja ashike nini. Kamshika Mama bega. Sijui huko kwake aliona nini, mlango au nguzo. Kavuta. Khanga ikaanguka, Mama akabaki kichwa wazi, mvi zote nje mbele ya mnada. Akapiga yowe.

Kicheko kilikuwa kikubwa mno. Mimi nilikuwa sicheki tena.

Nadhani mkono ulimwambia. Mfupa mdogo wa bega la mzee. Aliacha kuvuta lakini hakuachia. Mkono wa pili ukapanda, ukavua ndoo.

Akaona vyote kwa mara moja. Pazia lililofungwa pembeni kwa kamba. Watu. Beseni la kiingilio. Mimi nimelishika. Na Mama, uso kwa uso.

Aliachia bega, akainama, akarudi nyuma kinyumenyume akitazama chini mpaka mgongo ukagonga mabati, akatafuta mlango kwa mkono, akatoka. Ndipo mtu mmoja aliyemfahamu Mama, sijui nani, akasema kwa sauti ndogo: yule ni mkwewe. Mnada wote ukasikia. Wakaanza kutawanyika, hawatazamani. Mwenye vitunguu aliokota khanga, akamrudishia Mama kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Jumatano, 17 Julai

Mama kalala kwa Bi Zuhura. Nyumbani kwangu kakataa kutia mguu. Nimempelekea uji, umerudi ulivyokwenda.

Baba Neema yuko chumba cha Neema tangu jana. Mlango umefungwa. Neema yuko bweni, nashukuru kwa hilo.

Nimekaa jikoni. Natafuta neno la kujitetea na kila nikilipata naliona ni uongo.

Jumamosi, 20 Julai

Leo asubuhi mambo yamesafishwa, uani kwa Bi Zuhura. Mbuzi kamtafuta Baba Neema mwenyewe, jike jeupe. Hakuna aliyemwambia nini cha kufanya, alijua yote. Kaja amevaa shati la kawaida. Kasimama amempa Mama mgongo, Mama naye kampa mgongo, mbuzi akachinjwa katikati yao. Wakanawa maji ya chombo kimoja bila kugeuka. Mzee Paskali ndiye aliyesimamia. Mama akasema kwa Kinyaturu kwamba hana neno na mkwe wake, leo wala kesho. Baba Neema kaitikia kwa sauti ya kawaida, kainama, kaondoka.

Nami nikasogea. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamwamkia. Akachelewa sana kuitikia.

"Yeye hakuona," kasema. "Wewe uliona."

Kapanda lori la saa nne kurudi Ikungi. Hakuniachia hata salamu za Neema.

Alhamisi, 25 Julai

Ndoo ameirudisha kwenye boksi lake, kaifunga kwa kamba. Pazia kalileta nyumbani, vitenge vyangu viwili, amevifua. Alivianika mwenyewe.

Hajanigombeza. Namngoja anigombeze. Nimejiandaa hata kwa kibao, na Daudi hajawahi kuninyanyulia mkono. Hakuna kitu.

Nimeikuta barua mezani, haijafungwa, ya kwenda kwa Feisali. Nikaisoma. Anamshukuru kwa taarifa. Anasema mashine ni nzuri na anaamini itarudi siku moja, pengine wakati wa wajukuu. Hataki kurudishiwa chochote. Halafu:

"Nimeona dosari moja, uwafikishie wenye kiwanda kama utawapata. Anayevaa hajui nani amesimama mbele yake. Vioo vinaweza kutengenezwa, uzito unaweza kupunguzwa. Wakitaka kuendelea waanze na hili."

Basi. Jina, sahihi. Hakunitaja.

Nikaiweka kama nilivyoikuta. Nikaenda stesheni na kuku. Nimeuza wote, sikumbuki kwa nani.

Jumapili, 4 Agosti

Kapata kibarua kwenye mashine ya alizeti, kwa kaka yake Bi Zuhura. Anabeba magunia. Anarudi amepakaa mafuta mpaka kwenye nyusi. Pesa anaziweka kwenye kopo la majani ya chai, ninaziona, hasemi kitu.

Ameacha kula nami. Nikipakua anachukua sahani anakwenda nyuma ya nyumba. Nilidhani ananuna. Mtu akinuna unamjua, anagonga vyombo, anajibu mkato. Huyu hanuni. Ananitengea maji ya kuoga. Jana paa la jiko lilivuja, leo limezibwa. Akiwa na la kuniambia anakohoa kwanza, anasema akiwa upande wa pili wa ukuta: sukari imeisha, au, Neema ameandika. Taratibu, maneno mazuri.

Bi Zuhura kaniuliza mmegombana? Nikamwambia hapana. Ndiyo kwanza tuna amani.

Nimekata nywele zangu mwenyewe mbele ya dirisha lake nikidhani ataniangalia. Nini hiki ninachoandika. Nimekata nywele zangu. Hakuangalia.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemfuata leo mpaka mlangoni mwa chumba. Nikamwambia, Daudi, nipige. Nitukane. Niite jina baya mbele ya watu, kodi kipaza sauti cha kanisani. Nikalia kwa sauti, sioni aibu kuandika.

Alikuwa amekaa kitandani. Akageuza uso ukutani kabla sijamaliza kuingia. Akangoja mpaka nikanyamaza, kama mtu anayengoja mvua ipungue. Kisha akasema hana neno nami, leo wala kesho.

Jumatatu, 12 Agosti

Upepo tangu alfajiri. Treni leo imewahi.

Nimetoka na kuku kichwani. Baba Neema alikuwa anafagia njia ya kutokea barabarani kabla ya kwenda kazini. Akasikia hatua zangu. Akasogea pembeni, akasimama kwenye majani, akaweka ufagio chini, akageuza uso, akainama.

"Shikamoo, mama."

Sauti ya upole. Nimetafuta kejeli ndani yake, sikuiona. Kanizidi miaka saba.

Nilisimama mpaka shingo ikauma kwa uzito. Treni ikapiga honi. Alikuwa bado ameinama, anangoja, asingeinuka bila kuitikiwa.

Nikamwitikia, marahaba. Nikapita.